Nitahamia Kitale, lakini sitanunua ploti

Nimeamua kuhama Nairobi nikaishi Kitale. Nimeamua pia kwamba sitanunua ardhi huko. Uamuzi wa kwanza watu wameupokea vizuri. Huu wa pili ndio uliozua maneno. Kaka yangu, ambaye bado yuko nyumbani kwetu karibu na Chwele, Kaunti ya Bungoma, alinipigia simu usiku akaniuliza: "Dada, na umri huu wote, utakaa kwa nyumba za watu mpaka lini?" Mama hapendi kubishana kwenye simu. Alisema tu kwamba mtu asiye na ardhi mahali ni mpita njia, na mpita njia hasalimiwi kwa jina.

Ninaandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Karibu kila mtu wa rika langu hapa Nairobi ana mji mdogo anaouota: Nanyuki, Kilifi, Kitale. Wamechoka na foleni za Jogoo Road, na maji ya kununua kwa mitungi, na watoto wanaofungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa mchana kutwa. Wanataka mahali ambapo watu bado wanafikiri kuhusu chakula wanachokula na miti inayowazunguka. Mpaka hapo nakubaliana nao. Tunaachana pale wanapofungua simu na kunionyesha tangazo la ploti ya 50 kwa 100 iliyokatwa katika shamba la mahindi, wakiniomba niwaambie kama ramani yake ni safi.

Wananiuliza mimi kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Nachora ramani katika afisi ya saveya. Shamba likiuzwa vipande vipande, kabla hatimiliki mpya hazijatoka, kuna mtu aliyekaa mezani akachora mistari. Mara nyingi mtu huyo ni mimi.

Nianze na sababu za kuipenda Kitale, maana zipo na ni nzito. Mji wenyewe ni mdogo. Ukishuka kwenye stendi unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Ulianza kama mji wa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi Waingereza mashamba ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika kubeba mazao yao. Mji wenye chanzo cha namna hiyo ungeweza kubaki mji wa maghala na mabenki tu. Haukubaki hivyo. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote, alifariki mwaka 1966 akaiachia Kenya mkusanyiko huo, na mwaka 1974 Kitale ikafunguliwa jumba la makumbusho la kwanza la bara baada ya lile la Nairobi. Nyuma ya jumba hilo umeachwa msitu wa asili usimame pale pale mjini. Jirani yake kuna kituo cha kilimo cha kuchanganya miti na mazao, chenye jina la Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden aliyeuawa mwaka 1986. Mradi wa Waswidi wa kupanda miti, uitwao Vi, ulianza mwaka 1983 kule Pokot Magharibi, na Kitale ikawa kituo chake kikubwa.

Kisha kuna Manor House. Nje kidogo ya mji, shule ya zamani ya watoto wa walowezi iligeuzwa mwaka 1984 kuwa chuo cha kilimo kinachofundisha vijana kulima bila mbolea ya dukani. Mbinu yenyewe ina asili ya California, kwa mkulima aitwaye John Jeavons, lakini ukiitazama Kitale utadhani imezaliwa papo hapo. Unachimba kitanda kina cha majembe mawili, kama sentimita 60, unaingiza mboji, unapanda mimea ikaribiane hadi majani yafunike udongo, na mbegu unajitolea mwenyewe shambani. Nimeona kitanda kisichozidi mita 10 za mraba kikilisha mboga nyumba nzima: sukuma, kunde, managu, saga. Mtu aliyezoea kupima ardhi kwa ekari na hekta hubadilika akili akikiona kitanda kama hicho. Mimi nilibadilika.

Na mji huo huo ndio makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanza mwaka 1956. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi chotara ya kwanza ya Kenya mwaka 1964, aina ya 611, kwa kuchanganya mbegu iliyoboreshwa papo hapo na mbegu kutoka Ecuador. Mahindi hayo yalibadilisha maisha ya nchi. Wazazi wetu walisomeshwa nayo, na sisi pia. Kwa hiyo Kitale ina watu wanaoamini mbegu ya pakiti na mbolea ya gunia, na ina watu wanaoamini mboji na mbegu ya kuhifadhi kwenye kibuyu chenye majivu. Wanakutana sokoni, wanakutana kanisani, wanabishana. Siku moja ndani ya matatu iliyotoka Kiminini niliwasikia wazee wawili wakijibizana njia nzima kuhusu mbolea ya DAP. Mmoja akasema udongo wake umekuwa mchachu kwa miaka ya kuweka mbolea ile ile, mwingine akamjibu kwamba njaa ni chachu zaidi. Abiria wote walikuwa na neno la kuchangia, hata utingo. Nairobi sijawahi kusikia matatu nzima ikizungumza udongo.

Ubishi huo umefika hadi mahakamani. Sheria ya mbegu, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilimweka mkulima kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuza mbegu isiyoidhinishwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda kushtaki, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatupilia mbali vifungu hivyo. Kwa watu wa mboji wa Kitale hiyo ilikuwa habari ya nyumbani kabisa.

Huo ndio mji ninaoutaka: mji ambamo swali la namna ya kuishi na ardhi bado halijafungwa, na watu wa kawaida wanalijibu kwa mikono yao. Kipsaina, karibu na bwawa la Saiwa, wakulima walijiunga kulinda korongo taji na chemchemi zao. Saiwa yenyewe ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita tatu tu za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa majini. Mbuga ndogo namna hiyo haiwezi kujilinda kwa ukubwa wake. Inalindwa na majirani. Jirani akiamua kumwaga dawa kijitoni au kulima hadi ukingoni mwa tope, nzohe hana pengine pa kwenda.

Mtu anaweza kuniuliza: kwa nini usirudi Bungoma, kwenu? Nimejiuliza sana. Hakuna mtu atakayesema kwamba Bungoma haina watu wa kufikiri kivyao. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alitoka Kimilili, na mchezaji mpira huyo wa zamani alipokataa amri za wakoloni, zikiwemo za kung'oa magugu, walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Mwaka 1948 pale Malakisi polisi waliwapiga risasi wafuasi wake, wakafa watu 11. Upande wa pili kuna Lugulu na kanisa la Friends, watu ambao imani yao inawakataza kushika silaha. Nimelelewa katikati ya masimulizi hayo mawili, na sijui kama kuna shule bora kuliko hiyo.

Lakini nyumbani nina nafasi iliyokwisha kuchorwa. Marehemu baba aliacha ekari mbili na nusu. Tuko watoto wanne, wavulana watatu na mimi. Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukome, na sheria ya urithi inanipa sehemu yangu. Sitaidai, kwa sababu moja tu: nimeipima. Ukikata mara nne, ukitoa njia na boma la mama, kila mmoja anabaki na nusu ekari au chini yake, na kaka zangu wana watoto. Simshauri mwanamke mwingine yeyote aache haki yake. Wengi wakiiacha hawaiachi kwa hiari. Ninasema tu kwamba hesabu ya shamba letu ndiyo hesabu ya Bungoma nzima. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta huko watu 1,670,570 kwenye kilomita za mraba 3,024, yaani zaidi ya 550 kwa kila kilomita ya mraba. Trans Nzoia ilikuwa na watu 990,341, kutoka 818,757 mwaka 2009. Wengi wa hao walioongezeka walizaliwa huko, lakini wengine walipanda matatu kutoka kwetu, wakapita Kamukuywa na Kiminini, wakatafuta pa kupanda mahindi.

Nao, wale waliotoka kwetu na jembe, siwazungumzii kwa ubaya. Ninaowazungumzia ni sisi wa mshahara.

Acha nifanye hesabu ya ploti kama ninavyoifanya kazini. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000. Kwenye karatasi unapata ploti nane na kipande kinabaki. Ukitoa barabara ya kuingilia, unapata saba. Muuzaji anafurahi, maana saba zina bei kubwa kuliko ekari nzima. Ekari ile ile ya Trans Nzoia, ikilimwa vizuri na mvua ikiwa nzuri, hutoa magunia 20 na zaidi ya mahindi ya kilo 90. Makadirio ya miaka mingi yanasema Mkenya mmoja anakula karibu gunia moja kwa mwaka. Kwa hiyo kila ekari ninayoikata vipande saba ni chakula cha watu 20. Na kwa kawaida zile ploti saba hazijengwi. Wanunuzi wako Nairobi, au Doha, au Minnesota. Wanasubiri bei ipande. Bikoni za saruji zinazama kwenye nyasi, mbuzi wa jirani wanapita, na ardhi iliyokuwa ikilisha watu inakaa miaka kumi bila kulisha mtu wala kulaza mtu.

Hii tumekwisha kuiona mahali pengine. Kiambu ilikuwa kahawa. Leo ukipita Ruiru na Thika unaona mageti na majina ya mitaa pale palipokuwa na mibuni, na kahawa iliyobaki imebanwa kati ya kuta. Sisi wa Nairobi tulikimbilia huko tukitafuta hewa safi. Sasa wengine wanatoka huko huko Ruiru kutafuta hewa safi Kitale.

Wenzangu wa kazi hunijibu kwamba mtu mmoja anayenunua ploti moja haharibu chochote. Ndivyo inavyoonekana ukiwa na karatasi moja mbele yako. Mimi karatasi hizo huziona zikiwa rundo. Bei ya ekari haipangwi na mkulima anayetaka kupanda. Inapangwa na mtu wa mwisho aliyenunua kipande karibu na hapo. Bei ya ploti ikishapanda, yule kijana aliyemaliza Manor House na cheti chake cha kilimo hawezi tena kununua hata robo ekari ya kuonyesha alichosomea. Atarudi mjini kuendesha boda boda. Mji unabaki na sifa yake ya watu wa mboji, na watu wa mboji wenyewe hawapo.

Cha kusikitisha ni kwamba sheria ya kuzuia jambo hili ipo, na ni ya zamani. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 inataka shamba la kilimo lisigawanywe bila idhini ya bodi ya ardhi, inayoongozwa na naibu kamishna wa kaunti na kuketi na wazee wa eneo. Na haikuishia kwenye idhini. Inaielekeza bodi ikatae ombi pale ambapo kugawa shamba kunaelekea kupunguza mazao yake. Nimekaa kwenye mabenchi ya vikao hivyo nikisubiri mafaili ya wateja wetu. Nimesikia wakiuliza kama mke amekubali, na ni vizuri waulize. Nimesikia wakiuliza kama deni la benki limelipwa. Sijasikia bodi ikiuliza shamba hili lilikuwa likitoa magunia mangapi.

Katiba nayo, ibara ya 68, ililiagiza bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Mswada uliandikwa mwaka 2015. Haukupita. Naelewa ugumu wake: kiwango cha chini kinamtisha mwenye watoto wengi, kiwango cha juu kinamtisha mwenye ardhi nyingi, na bungeni wamejaa wa aina zote mbili. Lakini kaunti hazihitaji kusubiri Nairobi kwa kila kitu. Mpango wa matumizi ya ardhi ni kazi ya kaunti. Serikali ya Trans Nzoia inaweza kuchora mpaka wa mji wa Kitale na kusema: ndani ya mstari huu jengeni, tena jengeni kwenda juu, nje yake ni shamba. Bungoma inaweza kufanya vivyo hivyo kuzunguka Kanduyi, Kimilili na Chwele kabla mashamba hayajaisha.

Sasa nimjibu mkulima anayeuza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Hauzi kwa ujinga. Anauza kwa sababu karo ya sekondari inatakiwa Januari, na mahindi aliyovuna Novemba yamekutana na bei ya madalali. Anauza kwa sababu mke amelazwa. Anauza kwa sababu viwavijeshi vilivyoingia nchini mwaka 2017 bado vinakula majani ya mahindi yake, na dawa ni ghali. Kumwambia mtu huyo asiuze eti kwa ajili ya taifa ni kumwonea. Ninachosema ni kwamba sisi wenye mshahara tunaweza kumpa pesa kwa njia nyingine. Kodi shamba lake kwa msimu ukitaka kulima. Trans Nzoia watu hukodishana ekari kila mwaka na makubaliano yake yanajulikana. Nunua mahindi yake moja kwa moja, gunia kwa gunia, uyasage mwenyewe. Panga nyumba yake ya pili, ile aliyomjengea mwanawe aliye Uarabuni. Pesa inamfikia, na Machi ikifika shamba bado ni lake.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hulisahau. Mistari ya ramani upande huu imekwisha kumwaga damu. Mlima Elgon, ndani ya Kaunti ya Bungoma, mgawanyo wa mashamba ya makazi ya Chepyuk ulizaa uhasama wa miaka mingi, na kati ya mwaka 2006 na 2008 ukawa vita vya msituni vilivyoua na kuwatesa watu wa pande zote, mpaka jeshi likatumwa Machi 2008. Trans Nzoia ilichomwa moto kwenye ghasia za mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Kila mara swali lilikuwa lile lile: ardhi hii ni ya nani, na nani amekuja jana? Mtu anayetoka Nairobi na pesa za mkopo wa Sacco, akanunua ekari tatu kwa wiki moja bila kumjua jirani hata mmoja, anaingia katikati ya swali hilo bila kujua. Mpangaji huingia kwa njia nyingine. Anajulikana na mwenye nyumba, muuza mboga na mwalimu kabla jina lake halijaandikwa kwenye karatasi yoyote ya serikali. Nikimjibu mama, nitamwambia kwamba kusalimiwa kwa jina kunaanzia hapo.

Swali langu gumu zaidi lilikuwa la kazi. Kitale nitakula nini? Jibu la haraka ni kwamba ningepata kazi siku ya kwanza, maana kugawa mashamba ndiyo biashara ya upimaji inayolipa kuliko zote huko. Yaani ningehamia mji ninaoupenda nikaishi kwa kuukatakata. Nililifikiria hili miezi mingi na ndilo lililonichelewesha. Kisha nikaanza kuhesabu kazi nyingine za ramani ambazo hazina mtu. Shule za umma zisizo na hatimiliki, ambazo viwanja vyake vya michezo vinamegwa kila mwaka. Chemchemi ambazo mpaka wake haukuwahi kuwekwa. Mashamba ya walowezi yaliyonunuliwa kwa pamoja na vyama na kampuni za wananchi baada ya Uhuru, ambamo wajukuu wa waliochanga pesa bado wanaishi bila karatasi. Mashamba ya makazi ya Ndalu na Naitiri, upande wa Bungoma, ambako mpaka wa baba haujawahi kuandikwa kwa jina la mama mjane. Mteja wa kazi hizo halipi haraka, na wakati mwingine atalipa kwa debe la maharagwe. Nimepiga hesabu, na kodi ninayolipa hapa Umoja itanipa Kitale nyumba ya vyumba viwili na kibustani. Nikipunguza matumizi nitaweza.

Nimekwisha kupata nyumba. Iko Milimani, ni ya zamani, ina mparachichi na ua wa kutosha vitanda vinne vya kuchimba majembe mawili. Mwenye nyumba ni mjane, mwalimu mstaafu, na sharti lake ni moja: nisikate mparachichi. Bungoma ni safari ya matatu ya asubuhi. Nitakuwa nikifika kwa mama siku za soko la Chwele, jambo ambalo nikiwa Nairobi sikuliweza ila Krismasi na matanga. Kaka yangu bado hajaridhika. Anasema nitazeeka bila pa kuzikwa. Nimemwambia pa kuzikwa papo, kwa baba, na kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee ya urithi ambayo nitaidai kwa nguvu zote.

Kuhusu wanaonitumia matangazo ya ploti, jibu langu sasa ni moja kwa wote. Kodi nyumba kwanza. Kaa msimu mzima wa mahindi, kuanzia kupanda Machi hadi kuvuna Novemba. Nenda Manor House siku ya kutembelewa, nenda makumbusho, kaa kwenye benchi la bodi ya ardhi usikilize. Msimu ukiisha na bado unataka kuwa na chako, tafuta nyumba iliyokwisha kujengwa ndani ya mji, ya mtu anayeuza kwa hiari yake, na ramani yake nitakuangalizia bure. Ya shamba la mahindi sitaiangalia.